Jirani wa Kushika Ufunguo

Wenzangu wa shifti ya asubuhi, siku mliyoniaga mlinipa kadi kubwa, keki na ombi moja: niandike niliyojifunza katika miaka yangu ya kuhudumia wazee majumbani mwao, ili nyinyi msijifunze kwa kuumia. Keki nilishaimaliza. Ombi nalitimiza sasa, nimekaa mezani kwangu Ilford, na chai inapoa kwa sababu hakuna wa kunihimiza niinywe.

Habari za vyeo nitaziruka. Mshahara mnaujua, na anayetaka kulia alie kwake.

Siku ya kwanza nilitoka na Wambui, Mkenya wa Nyeri, mwanamke mfupi mwenye mikono ya nguvu, ambaye baadhi ya wazee walimwogopa kuliko daktari. Tulifika nyumba ya kwanza, mtaa mmoja wa Kenton, naye akafungua mlango na kuingia moja kwa moja. Mimi nikabaki nje. Nimezaliwa Ng'ambo, Unguja, na kwetu huingii kwa mtu mpaka upige hodi na uitikiwe. Nikapiga hodi. Nikapiga ya pili. Ya tatu ilikuwa mdomoni, na baada ya hiyo mtu hugeuka akaenda zake, ndipo Wambui akatokea mlangoni na taulo begani.

"Wewe msichana, ukingoja kuambiwa karibu kwa hii London, utazeekea hapo nje. Ingia, mzee ako kwa bafu!"

Niliingia. Lakini hodi sikuiacha. Nimeipiga katika kila nyumba mpaka siku yangu ya mwisho, na baadhi ya wazee wa Kiingereza walizoea kuitikia "karibu" bila kujua wanasema nini. Mmoja alidhani ni jina langu.

Wambui hakuwa mtu wa mihadhara, alifundisha huku anatembea. "Ukiingia, fungua friji kwanza," aliniambia tukiwa kituoni tunangoja basi. "Mzee atakwambia amekula. Friji itakwambia alikula nini, na kama kuna mtu anamjali." Shauri hilo limenifaa kuliko kozi zote nilizopelekwa, ingawa pia limewahi kuniletea aibu kwa wifi yangu, aliyenikuta nakagua friji yake kabla sijamsalimu.

Jingine alilonifundisha ni kuanza na miguu. Mzee aliyegoma kuoga usibishane naye. Mletee beseni la maji ya moto, umwombe akuazime miguu tu. Ukishamwosha miguu, ukakausha vizuri katikati ya vidole na kuipaka mafuta, mara nyingi mwenyewe atafungua vifungo vya shati. Alikuwapo fundi cherehani mstaafu aliyeapa kwamba hakuna mwanamke atakayemwogesha maadamu yu hai. Kwa njia ya beseni tulimwogesha mpaka akafa, na hakuwahi kukiri kwamba ameshindwa.

Vifaa mnavijua: aproni za plastiki, glavu, shuka la kuteleza la kumsogezea mzee kitandani, mashine ya kunyanyulia inayokwama siku ambayo mna haraka. Mimi niliongeza vyangu katika mkoba: mkasi wa kucha, tochi ndogo, mafuta ya nazi, na soksi za akiba. Soksi ni zako, si za mzee. Siku moja mtanielewa. Baadaye ikaja simu ya kazini inayohesabu dakika zako tangu unapoingia mpaka unapotoka, na ukizidisha inalia. Mama yangu mzazi hakuwahi kunichunga vile.

Nitasema wazi jambo ambalo kwenye mafunzo halisemwi: kazi hii ina upweke. Unazungumza na watu kutwa nzima, unawauliza wamelalaje, wamekula nini, wanaumwa wapi, na unaweza kufika kwako usiku hujaulizwa hata mara moja wewe umeshindaje. Wambui alikuwa akiniuliza. Aliporudi Nyeri kujenga nyumba yake, nilikaa muda mrefu nikimkumbuka kila nilipofungua friji ya mtu.

Nilikuwa naishi kulekule Kenton, chumba na jiko, mpaka mwenye nyumba akauza nami nikahamia Ilford. Wazee wangu sikutaka kuwaacha, kwa hiyo miaka yangu ya mwisho nilikuwa navuka London nzima kila asubuhi, kwa treni ya laini ya Elizabeth mpaka Paddington, kisha ile ya laini ya kahawia mpaka Kenton. Binti yangu Rahma, anayeishi Leeds, alinambia nimepoteza akili. Alinambia kwa Kiingereza. Mimi humsemesha kwa Kiswahili, yeye hujibu kwa Kiingereza, na tunaelewana kiasi cha kugombana.

Ni katika miaka hiyo nilipopewa Mzee Raymond.

Alikuwa Mmarekani, mrefu, aliyepinda kidogo mabega kwa miaka ya kuchora ramani za majengo. Kazi ndiyo iliyomleta London akiwa kijana, akaoa Mwingereza aitwaye Joan, hawakujaaliwa watoto, na Joan alikuwa ameshakufa. Fleti yake ilikuwa ya chini, mlango wake unatazama barabara. Mwenye jengo hakuruhusu ukuta utobolewe kuwekwa kile kisanduku cha ufunguo tunachotumia kwingine, basi ufunguo wa Mzee Raymond nilitembea nao mimi.

Nilipiga hodi, nikaingia, nikafungua friji. Maziwa, nyanya moja, na vyakula vya kupasha vimepangwa safu kwa safu. Hakikuwamo hata kibakuli kimoja kilichotoka jikoni kwa mtu mwingine. Hiyo ndiyo dalili ya kutazama, wenzangu. Friji ambayo kila kilichomo kimetoka dukani ni ya mtu asiye na watu.

Kusema, alisema. Jana yake ilimchanganya wakati mwingine, lakini mtaa aliokulia, katika mji wa viwanda vya chuma huko Ohio, alikuwa nao wote kichwani. Niliuchukua kipande kipande, siku ya kunyoa ndevu kipande, siku ya kukata kucha kipande. Nyumba za mbao zimekaa mkabala, kila moja na kibaraza mbele na milango ya wavu inayojibamiza kutwa kwa watoto kuingia na kutoka. Muuza maziwa anaacha chupa ngazini kabla watu hawajaamka. Baba zao wanarudi kiwandani na vyombo vyao vya chakula mkononi, na jioni wanakaa kibarazani wanasikiliza mpira wa besiboli kwenye redio, redio moja yasikika mtaa mzima kwa sababu wote wamefungulia stesheni moja. Mjane wa Kiitaliano anagawa nyanya juu ya ua. Familia ya Kipolandi ndiyo ya kwanza kununua televisheni, na sebule yao ikawa ya kila mtu. Watoto wanacheza barabarani mpaka taa za njiani ziwake, na zikishawaka hakuna mama anayeita mara mbili.

"Ukifanya kosa nyumba ya mwisho," alinambia, "mama yako anajua kabla hujafika kwenu."

"Kwetu ukifanya kosa nyumba ya mwisho unachapwa hukohuko," nilimjibu. "Kisha unachapwa tena kwenu kwa kuwachosha watu."

Alicheka mpaka nikaondoa wembe shavuni.

Siku moja nilimuuliza kama milango yao ilikuwa na makufuli mazuri, maana mlango wangu wa Ilford una matatu na bado naamka kuukagua. Alifikiri. "Unajua, sikumbuki kuuona ufunguo wa nyumba yetu. Nadhani ulipotea kabla sijazaliwa na hakuna aliyeutafuta."

Msidhani nilikuwa nasikiliza kama mtoto anayehadithiwa ngano. Nilimuuliza pia, "Na watu weusi, Mzee Raymond, walikaa nyumba ipi?" Akavitazama vidole vyake. Nikadhani nimemuudhi, nikaendelea na kucha. Baadaye akasema, "Upande wa pili wa reli." Nikamwambia kwetu pia mji ulikuwa na upande wa pili, nami ndiko nilikozaliwa. "Mama yangu alikuwa akipeleka chakula kila nyumba iliyofiwa au iliyozaa," alisema. "Lakini sikumbuki sahani yoyote iliyovuka reli." Tangu siku ile nilimpenda zaidi, kwa sababu aliukumbuka mtaa wake wote, na ule upande pia.

Mambo yaliharibika alipoanguka. Mara ya kwanza alijiinua mwenyewe. Mara ya pili nilimkuta asubuhi sakafuni jikoni, amejifunika taulo la vyombo, ananiomba radhi kwa kunisumbua. Hospitali ilimrudisha, na nyuma yake akaja afisa wa ustawi, kijana wa Kinaijeria aitwaye Tunde, mpole, asiye na haraka, ambaye alivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Tunde alieleza mambo waziwazi. Mzee Raymond atavaa kengele shingoni. Akianguka ataibonyeza, kituo kitamsemesha, na asipojibu watampigia mtu aliye karibu aje na ufunguo amwangalie. Mtu huyo lazima akae umbali wa kutembea. Likipatikana jina moja tu la namna hiyo, mzee atabaki kwake. Lisipopatikana, itabidi ahamie nyumba ya kulelea wazee, na nafasi imeshaonekana moja, nje kidogo ya mji.

"Niandike mimi," nilisema.

"Unakaa wapi, Auntie?"

"Ilford."

Hakucheka, Mungu ambariki. "Ningekuwa nakaa mtaa huu," alisema, "ningeweka jina langu mwenyewe." Kisha akamgeukia mzee. "Mr Raymond, kuna jirani yeyote unayemfahamu? Yeyote."

Mzee Raymond alitazama dirishani, akatazama nyumba za ng'ambo ya barabara, mlango mmoja baada ya mwingine. Niliona midomo yake inataka kutaja. Mtaa wa utoto wake aliweza kuutaja wote bila kusita, pamoja na majina ya mbwa. Katika mtaa huu, alioishi zaidi ya nusu ya umri wake, hakuwa na jina hata moja.

"Joan alikuwa anawajua," alisema.

Tunde alitupa muda wa kutafuta. Alipoondoka, mzee alinishika kiganja cha mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Zuhura, sitaki kufia mahali ambapo sijui mlango unafunguka upande gani." Nilimwambia hatakwenda popote. Sikuwa na haki ya kumwambia hivyo, lakini nilimwambia.

Sasa, mtu wa hapa angeandika kikaratasi na kukitumbukiza milangoni. Mimi nimelelewa vingine. Mkono mtupu haulambwi, na jambo zito namna hii huendi nalo kwa jirani bila kitu cha kumpa. Kwetu, hasa mwezi wa Ramadhani, sahani zilikuwa zinatembea kuliko watu. Na sahani hairudi tupu. Kama huna kitu unaweka ndimu mbili, au kiganja cha sukari, ili aliyekuletea ajue kwamba umepokea na mlango uko wazi. Nilipomweleza Mzee Raymond alinyanyuka kwenye kiti peke yake. Kumbe kwao ilikuwa vilevile! Mama yake alikuwa na bakuli la udongo la kuokea, chini yake amebandika utepe wenye jina lao, ili lijulikane pa kurudi. Na halikuwahi kurudi tupu.

Basi siku yangu ya mapumziko nilipika visheti na vileja, vitafunio vitamu vya kwetu, nikavipakia nikavuka navyo London. Kuna bwana mmoja aliyekaa karibu nami ndani ya treni akahama kiti, kisha harufu ikamrudisha. Mzee Raymond alikuwa ameshatoa sahani tano za Joan, zile za maua ya buluu. Alichukua utepe wa bandeji kutoka mkobani kwangu, akaandika jina lake kwa ule mwandiko wa mchora ramani, akabandika chini ya kila sahani. Alivaa tai. Nilimwambia angoje ndani, miguu haijapata nguvu. Akakaa dirishani.

Rahma alipiga simu nikiwa njiani kuelekea mlango wa kwanza. Nilipomweleza alipiga kelele. "Mum, you can't just do that! People will think you're weird." Nikamwambia nimeshafanya mambo mengi ya kustaajabisha katika nchi hii, pamoja na kumlea yeye.

Mlango wa kwanza alitoka kijana mwenye vidude masikioni, akapokea sahani, akasema asante, akafunga. Nadhani alifikiri ameagiza. Nilipogonga tena hakutoka.

Wa pili ulikuwa na kengele ya kamera. Sauti ilinambia niache mzigo chini. Niliieleza ile kengele habari zote za Mzee Raymond, kuanguka kwake, ufunguo, nikiwa nimeinama kidogo kama mtu anayesema na mtoto. Kengele ikanambia, "Leave it by the door, please."

Mlango wa tatu walikuwa mke na mume, wachangamfu, walionikaribisha mpaka ukumbini. Mkataba wao wa nyumba ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Wa nne alitoka mwanamke mwenye sare ya kazi, macho yamechoka, ambaye alinisikiliza mpaka mwisho. "Na akianguka siku ambayo sikuamka?" aliniuliza. "Nitaishi vipi na jambo hilo?" Sikuweza kumlaumu. Yeye peke yake ndiye aliyeelewa uzito wa nilichokuwa naomba.

Mlango wa tano ulikuwa wa fleti iliyo ubavuni mwa mzee, ukuta mmoja. Alifungua fundi wa rangi, ngazi nyuma yake. Mwenye fleti, alisema, amefanyiwa operesheni ya goti, yuko Leicester kwa binti yake, hajui atarudi lini. Nilimwachia sahani.

Kisha tukangoja.

Nimeona maumivu mengi katika kazi hii, vidonda, saratani, watu wanaowaita mama zao waliokufa zamani. Sikuwahi kuona kitu kilichoniuma kama Mzee Raymond akingojea sahani. Kila nilipofika alikuwa dirishani, amenyoa, na swali lake lilikuwa lilelile. "Kuna iliyorudi?" Nikisema bado, yeye ndiye anayenifariji: labda wanapika, labda wanangoja mwisho wa wiki. Asubuhi moja niliikuta sahani moja juu ya pipa la taka nje ya nyumba ya kengele, visheti vimelowa mvua, vyote, hakuna hata kimoja kilichoonjwa. Niliificha mkobani chini ya aproni, nikamwambia bado. Nilioga machozi kwenye treni siku ile, nikiwa na sare ya kazi, na abiria wote walisoma simu zao kwa bidii.

Mwisho wa mwezi wale wachangamfu wakahama. Sahani yao ilihama nao.

Tunde alisogeza tarehe mara mbili, kisha wakubwa wake wakamzuia. Alikuja yeye mwenyewe siku ya kuhama, akabeba masanduku. Mzee Raymond hakulia wala hakugombana. Alifunga mlango, akanirudishia ufunguo, akasema, "Shika wewe, umeuzoea." Nyumba aliyopelekwa ilikuwa safi na wafanyakazi wake ni watu wema, nawaambia kwa haki. Mlango wake mkuu unafunguka kwa namba. Aliuliza namba ni ipi. Muuguzi alimjibu kwa upole sana, lakini namba hakumpa.

Wiki iliyofuata nilikwenda kufungasha vilivyobaki nikabidhi fleti. Nikiwa nafunika vyombo kwa magazeti, mlango uligongwa.

Alikuwa mama wa Kihindi, mzee, mkongojo mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika sahani ya maua ya buluu iliyofunikwa kitambaa. Alilitazama baibui langu, akatazama uso.

"Wewe mtu wa wapi? Lamu? Unguja?"

"Unguja, mama."

"Nilijua! Nilimwambia binti yangu kwenye simu, hivi ni visheti, hapana mzungu ajuaye kupika visheti." Kiswahili chake kilikuwa cha Mombasa kabisa. "Mimi Kusum. Nimezaliwa Mombasa. Nilikuwa Leicester na goti langu hili, nimerudi jana, nimekuta sahani ndani ya kabati. Fundi alikula vyote, akaniachia viwili." Akafunua kitambaa. Sahani ilijaa chevda, vile vitafunio vya Kihindi vya kukaanga, ya moto bado, harufu ya bizari na karanga. "Haifai kurudisha tupu. Yuko wapi mzee?"

Nilimwambia. Nilimwambia na habari ya ufunguo, na kwa nini sahani zilitembea. Alikaa juu ya sanduku la vyombo, taratibu, goti likimuuma.

"Lakini mimi ningeushika," alisema. "Mimi niko hapa tu siku zote. Sina pa kwenda."

"Mlikuwa hamjuani?"

"Tangu mke wake amekufa, namwona dirishani. Nilifikiri ni mzungu asiyetaka watu." Alipangusa macho kwa ncha ya sari. "Kila siku nasikia anakohoa."

Nilimpigia Tunde palepale. Mkataba wa fleti ulikuwa umeshavunjwa, na mpangaji mwingine alikuwa tayari. Alisema tu, "Auntie, I'm sorry," na nilijua kwamba hata yeye itamchukua muda kusahau.

Tulikwenda wote wawili, Bi Kusum na mimi, tukabadilisha mabasi pamoja na mkongojo. Mzee Raymond alikuwa kwenye kiti cha ukumbini, miongoni mwa wengine, televisheni inasema peke yake. Nilimwekea sahani magotini. Aliifunua, akanusa, akatazama chini yake akaliona jina lake. Kisha akamtazama Bi Kusum, nami nikamwambia huyu ndiye jirani yake wa ukuta mmoja.

"Wewe ndiye mwenye redio," alisema.

"Nyimbo za asubuhi," alijibu Bi Kusum kwa Kiingereza. "Zilikuwa zinakusumbua?"

"Nilikuwa naamka mapema ili nisizikose."

Walikula ile chevda mpaka ikaisha, mmoja huku, mmoja huku, wakizungumza kupitia ukuta ambao haukuwapo tena. Bi Kusum alimwendea kila wiki iliyofuata, goti au bila goti. Hazikuwa wiki nyingi. Baridi ilipoingia, kifua kilimshika Mzee Raymond, naye akafa hospitalini, mchana, kabla yeyote kati yetu hajafika.

Mazishi yake tulihudhuria Tunde, Bi Kusum, muuguzi mmoja, na mimi. Mchungaji aliyepangiwa hakuwa amemjua, akasema alikuwa mtu mwenye marafiki wengi. Tulitoka upesi kwa sababu familia nyingine ilikuwa inangoja zamu yake mlangoni.

Tulikaa kituoni, Bi Kusum na mimi, tunangoja basi. Aliniuliza habari zangu. Nilishtuka kuulizwa. Nikamwambia nastaafu mwisho wa mwezi, nakaa peke yangu, binti yuko Leeds, Alhamdulillahi nina afya.

"Na ufunguo wako," aliniuliza, "nani anao?"

"Binti yangu anao mmoja."

"Huyo wa Leeds."

"Huyo."

Alitikisa kichwa. "Fimbo ya mbali haiui nyoka, Zuhura. Jirani yako anaitwaje?"

Basi likaja. Nilimsaidia kupanda, nikamtafutia kiti, nikashughulika na mkongojo wake zaidi ya ilivyohitajika, mpaka akaacha kuningojea nijibu.

Hayo ndiyo niliyojifunza, wenzangu. Anzeni na friji, anzeni na miguu, bebeni soksi. Kwa ajili ya mtu mwingine niligonga milango ya watu bila haya, nikasemesha mpaka kengele. Mlango wa jirani yangu hapa Ilford una rangi ya kijani, uko mkabala na wangu, na jioni nasikia mtu anafungua na kufunga. Tangu nistaafu nimeshapika visheti mara mbili. Mara zote mbili nimevila mwenyewe.